Umetumwa na nani?

Najua nimepotea humu, na kuna mmoja wenu ameshaanza kutangaza kwamba nimedisco. Sijadisco bwana, hehehe. Nilikuwa fildi. Siku kumi na moja Kibiti na ndani ya delta ya Rufiji. Nimerudi Mlimani juzi nimeungua jua, nguo zote zinanuka uduvi, na madaftari mawili yamejaa mpaka kwenye jalada la nyuma.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mtafiti kutoka Ulaya anayefanya uzamivu kuhusu namna watu wa delta wanavyoishi na maji, mpunga na mikoko. Kiswahili chake ni cha salamu na cha sokoni. Alikuwa anatafuta msichana wa kumtafsiria, anayeweza kukaa jikoni na kina mama, mwalimu wangu mmoja akanitaja. Posho ya siku ilinifanya nilione bumu kama hela ya karanga (msiniulize kiasi), nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Mkataba unasema mimi ni msaidizi wa utafiti. Yeye mwenyewe alipenda kusema mimi ni masikio yake.

Sasa hapo kwenye masikio ndo nataka tukae leo.

Kwenye mbinu za utafiti tunafundishwa kuuliza. Dodoso, maswali funge, maswali huria, usaili wa kina, majadiliano ya vikundi. Mtihani ukija unaandika aina zake, faida zake, hasara zake, unachukua maksi zako unakwenda kula. Kusikiliza hakuna hata mhadhara mmoja, kana kwamba kila aliyezaliwa na masikio anajua. Na delta kitu cha kwanza tulichokisikia halikuwa jibu. Lilikuwa swali: umetumwa na nani?

Tuliulizwa hivyo karibu kila nyumba. Wengine waliuliza waziwazi, wengine kwa kuzunguka: nyie wa mradi? Wa maliasili? Mmetoka wilayani? Mwajiri wangu alikuwa na jibu lake lililoandaliwa vizuri, la chuo na kibali cha COSTECH na utafiti huru usio na malipo wala madhara, na mimi nililitafsiri neno kwa neno. Watu waliitikia kwa adabu zote. Kisha wakatujibu kama watu wa mradi, au wa maliasili, au wa wilayani, kufuatana na walivyokwisha kuamua wenyewe.

Tusiwalaumu. Hebu ifuate safari ya karatasi yetu. Kibali cha COSTECH, barua ya mkoa wa Pwani, barua ya wilaya ya Kibiti, muhuri, mtendaji wa kata, muhuri mwingine, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Mpaka tunafika kwa mzee aliyekaa barazani anashona nyavu zake, sisi ni watu wawili tulioletwa na serikali nzima, ngazi kwa ngazi. Na aliyetuleta hajaondoka, yuko pale kwenye benchi anangoja kusikia. Halafu tunamwambia mzee ajisikie huru!

Halafu kuna waliotutangulia. Mikoko ya delta ilitangazwa hifadhi na Wajerumani mwaka 1898, na tunazungumzia msitu mkubwa kuliko misitu yote ya mikoko nchini, kama hekta 50,000 hivi. Wazee wa bonde la mafuriko huko juu wanaikumbuka Operesheni Rufiji iliyoanza mwaka 1968, watu walipohamishwa kutoka mashambani mwao kando ya mto kwenda vijiji vya mwinuko. Watu wa umri wa wazazi wangu wanakumbuka kamba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya African Fishing Company ilitaka kuchimba mabwawa ya kufuga kamba kwenye eneo la kama hekta 10,000 humo humo deltani. Baraza la mazingira, NEMC, lilishauri mradi usikubaliwe, serikali ikaukubali Novemba 1997, wanavijiji na wanaharakati wakapambana nao mpaka mahakamani, na mabwawa hayakuchimbwa. Kisha mwaka 2011 ikaja operesheni ya kuwaondoa wanaolima mpunga ndani ya hifadhi, vibanda vya mashambani vikachomwa moto.

Mzee mmoja aliniambia hivi, bila hasira, huku anakata uzi wa nyavu kwa meno: "Kwanza huja mwenye daftari. Anayemfuata simjui."

Na mwenye daftari ni mimi.

Kibiti kwenyewe, huku juu barabarani, hali ni nyingine na inachekesha kidogo. Sehemu hii ilikuwa ndani ya mfumo wa ufuatiliaji wa kaya wa Rufiji ulioanza mwaka 1998 chini ya watu wa Ifakara, wadodosaji wanapita kila baada ya miezi minne kuhesabu waliozaliwa, waliokufa na waliohama. Mfumo umekwenda miaka mingi. Basi kuna mama mmoja tulimbishia hodi, hata hatujakaa, akaanza: "Kaya ina watu saba, vifo hakuna, aliyehama mmoja kaenda Mbagala." Mwajiri wangu akacheka sana nilipomtafsiria. Mimi nilicheka pia, ila nikawaza kwamba mama yule ameshajifunza umbo la maswali ya watafiti, na anajua nini huwa tunataka na nini huwa hatutaki. Alikuwa anatusaidia tumalize haraka.

Na msije mkasema nawaponda wadodosaji. Kazi yao ilitufundisha kitu kikubwa. Kwa miaka mingi watu wa afya walikuwa wakisema watoto wanakufa kwa malaria kwa sababu wazazi wakiona degedege wanasema ni shetani, wanakimbilia kwa mganga. Waliofiwa walipotembelewa na kusimulia ugonjwa ulivyokwenda, siku kwa siku, kwa maneno yao, na neno degedege likaachwa lisimame kama lilivyo, ikaonekana mambo siyo hivyo. Matokeo ya Rufiji yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba karibu wanne katika watano ya waliokufa kwa homa ya namna hiyo walikuwa wamepelekwa zahanati au hospitali. Yaani watu walikwenda. Tatizo lilikuwa pia huko walikopokelewa. Fikiria tungeendelea na semina za "elimu kwa jamii" miaka mingine mingapi.

Turudi delta. Kutoka Bungu tulishuka mpaka Nyamisati, tukapanda boti. Ratiba ya mwajiri wangu ilikuwa na saa: usaili wa kwanza saa tatu, wa pili saa tano. Ratiba ya delta ina maji kujaa na maji kupwa, na siku za bamvua usijipangie kabisa. Siku mbili hivi, ratiba ikafa yenyewe, akaanza kuuliza "maji yanajaa lini?" kama kila mtu. Kwa kweli huyu mama wa Kizungu ni msikivu kuliko wengi niliowaona hapa chuoni. Nasema hivyo manake najua mnapenda kusikia Mzungu kachemka.

Dodoso lake ndo lilikuwa na shida, na dodoso aliandaa akiwa kwao. Swali la 14: je, kaya yako iliathirika na mafuriko katika miaka mitano iliyopita? Ndiyo au hapana. Mzee wa kwanza akaniuliza, mafuriko gani? Akanieleza kama anavyomweleza mtoto. Haya yanayokuja kila mwaka ni maji tu. Yanapita, yanaacha tope jipya shambani, yanaleta samaki, na yakishakauka huko juu bondeni watu wanapanda mlao, mahindi na kunde kwenye unyevu uliobaki. Mafuriko ni yale ya mwaka 2024. "Maji yasipokuja ndo tunaathirika," akasema. "Hilo limo kwenye karatasi yako?"

Halimo. Ukijaza ndiyo umemfanya mzee huyu mhanga wa kitu anachokiombea dua. Ukijaza hapana umefuta mwaka 2024, mashamba yaliyozama, na kimbunga Hidaya kilichofuata mwanzoni mwa Mei mwaka huo huo.

Kuna kitu kingine ambacho kiko kwenye Kiswahili chetu wote, ila sikukitilia maanani mpaka nilipoanza kulipwa kukitafsiri. Mkutano wowote wenye kiongozi, mtu akisimama anaanza: kwanza kabisa tunaishukuru serikali yetu. Mwajiri wangu wiki ya kwanza alikuwa anaandika pembeni kwamba wamekiri kuridhika. Nikamwambia hapana, hapo mtu anabisha hodi. Ni salamu. Ngoja "ila". Tunashukuru kwa zahanati, tunashukuru kwa barabara, ila... Baada ya ila ndo mtu kaingia ndani. Na kama mtendaji yupo kwenye benchi, ila inaweza isije kabisa, ikaja kikohozi badala yake. Siku ya nne aliongeza alama kwenye daftari lake, nyota ndogo, kila aliposikia ila. Alikuwa anaitambua mwenyewe sasa, hata kabla sijatafsiri.

Tatizo likaja kwenye fomu ya ridhaa. Chuo chake kinataka kila msailiwa asaini, na aliyeitunga alikuwa anawalinda wasailiwa, sina ubishi. Kuna mama mmoja tulikaa naye jioni nzima uani kwake, anasuka ukili wa mkeka, anaongea vizuri tu. Kalamu ilipotolewa akasimamisha mikono. "Mazungumzo nimekubali. Karatasi sijakubali." Nikamweleza kwamba karatasi ni kwa faida yake. Akanitazama kwa huruma. Hapo kijijini, jina kuandikwa kwenye karatasi ya mgeni halijawahi kuwa kwa faida ya mwenye jina, na sahihi inaweza kwenda kushikizwa kwenye karatasi nyingine ambayo hajaiona. Mwajiri wangu aliandika barua pepe kwao usiku ule ule, mtandao unakuja na kuondoka, na baada ya siku mbili wakamruhusu achukue ridhaa ya mdomo.

Huyu mama wa ukili ndiye aliyenisaili mimi. Jina, dini, nimeolewa, sijaolewa kwa nini, mwanangu kwenu wapi? Nikasema Iringa.

"Iringa ya Mtera?"

Nikasema Mtera iko mpakani kwetu na Dodoma, ndiyo.

"Basi nyie ndo wa juu. Maji yakitoka kwenu ndo yanafika kwetu."

Nimekaa Iringa miaka kumi na minane bila kuliwaza hilo hata siku moja. Ruaha Mdogo unapita pembeni ya mji, tulikuwa tunaogelea. Unaingia Ruaha Mkuu, unakwenda Mtera, Kidatu, unaungana na Rufiji juu kidogo ya lilipo bwawa la Julius Nyerere, lile la megawati 2,115 lililoanza kutoa umeme Februari 2024. Mpaka hapo nilikuwa najiona mtu wa katikati, si Mzungu si mwenyeji, mkalimani tu, sina upande. Kwa mama yule nilikuwa na upande toka zamani. Mimi ni wa juu.

Na mazungumzo yakabadilika. Hakunijibu tena maswali ya dodoso. Alinituma. Nikawaambie hao wa juu wakitaka kufungulia maji waseme mapema, siku ngapi, mengi kiasi gani, ili mtu awahi kuvuna au kuhamisha watoto. Mnakumbuka mwaka 2024 wananchi walivyolalamikia maji yaliyofunguliwa bwawani, na serikali ikaeleza kwamba bwawa lilipunguza makali ya mafuriko. Yeye hakutaka kubishana nani mkweli. Alitaka taarifa. Nikamwambia, mama, mimi mwanafunzi, hakuna mtu Mtera wala bwawani anayenijua.

"Lakini unaandika," akasema, akaendelea na ukili wake.

Mwajiri wangu akauliza amesema nini. Nikamweleza yote, pamoja na mimi kuwa wa juu. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama yeye naye anajulikana ni wa wapi. Nikamuulizia. Jibu likaja haraka: yeye ni wa hewa. Hewa ya ukaa, ile biashara ya misitu inayolipwa huko nje. Hajawahi kuitaja hata mara moja! Lakini Mzungu anayeuliza idadi ya mikoko, anaweza kuwa nani mwingine?

Hapo nikakumbuka ugomvi ambao nilikuwa nimeusoma kabla ya safari. Mwaka 2012, Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett waliandika kwenye jarida la Global Environmental Change kwamba mipango ya hewa ukaa inarudisha uhifadhi wa mabavu kwenye delta ya Rufiji, na kwamba mchango wa Warufiji katika kuifanya mandhari ile iwe ilivyo unafutwa. Mwaka uliofuata wataalamu waliohusika na WWF wakajibu kwenye jarida hilo hilo kwamba mambo yamepotoshwa, na kwamba kuondolewa kwa wakulima hakukuwa kazi ya mradi wao. Niliposoma Mlimani niliona lazima upande mmoja utakuwa unadanganya. Sasa najiuliza maswali mengine. Kila upande ulifika na nani? Kwa boti ya nani? Waliowajibu waliamini wanamjibu nani? Majarida hayana sehemu ya kuandika hayo.

Sitaandika mengi kuhusu kimya cha Kibiti, lakini kuruka nacho siwezi. Mnakumbuka miaka ile ya mauaji, askari polisi wanane waliouawa Mkengeni Aprili 2017, viongozi wa vijiji na vitongoji waliouawa mmoja mmoja. Mwandishi Azory Gwanda wa Mwananchi, aliyekuwa akiandika habari hizo, alichukuliwa hapo Kibiti tarehe 21 Novemba 2017 na hajaonekana tena. Tulikubaliana na mwajiri wangu kabla ya kuondoka Dar kwamba hatuulizi chochote juu ya hayo. Hata hivyo tulikuwa tunayakanyaga. Swali la kawaida kabisa, "nani anaongoza kamati ya mazingira hapa?", lilifanya watu watazamane. Mwajiri wangu alitaka kurudia swali, akidhani halijaeleweka. Nilimgusa mkono. Lilikuwa limeeleweka vizuri sana. Tukalitoa kwenye dodoso na hakuna kilichopungua.

Nimerudi nimeingia maktaba kutafuta makaratasi ya mradi wa Maji Maji wa mwaka 1968. Wanafunzi wa historia wa hapa hapa Mlimani walikwenda kwao likizo, wakakaa na wazee, wakaandika walichokumbuka kuhusu vita vya mwaka 1905. Kinjikitile alikuwa mtu wa Ngarambe, huku huku Rufiji, na alinyongwa Mohoro Agosti 1905. Kazi nzuri mno, bila wao tungekuwa na maneno ya Wajerumani matupu. Ila ni mwaka 1968, uhuru una miaka saba, na anayeuliza ni kijana wa chuo kikuu. Wanahistoria waliokuja baadaye, kama Thaddeus Sunseri, waliona kwamba hadithi ya umoja wa taifa ilikuwa imeshamiri mno, na mambo ya nguruwe pori, njaa na wanawake walioachwa na mashamba yakabaki pembeni. Mimi sidhani wazee walidanganya. Nadhani walimtazama kijana, wakajua anatoka wapi, wakampa kilichomfaa.

Basi sasa hivi ninanakili kanda, saa thelathini na kitu za sauti. Kwenye kila usaili nimeongeza safu mbili ambazo hazikuwemo kwenye mkataba: nani mwingine alikuwepo, na msailiwa alidhani sisi ni nani. Mwajiri wangu amesema safu hizo zinakula muda, na kwamba hajui msimamizi wake atazipokeaje. Baadaye akaandika tena, zibaki, tutaongea Jumatatu.

Mama wa ukili nimemuahidi nakala ya Kiswahili, na ujumbe wake wa maji nimeuandika kwenye ukurasa wake peke yake, kama alivyousema. Bado natafuta ofisi ya kuupeleka. Mdau anayemjua mtu wa bonde la Rufiji, Wizara ya Maji, aniandikie. Na mwenye neno zuri la Kiingereza la "mlao" naye aniandikie, nimekesha nalo siku ya pili leo.